Jagina na Mkoba Wake

Shujaa ni neno lenye kazi nyingi mno. Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na siku hiyo neno hili ni la askari waliokufa vitani. Siku ya pili yake kurasa za michezo humpa kipa aliyepangua penalti. Aliyepona saratani ni shujaa. Mama wa Mang'ola aliyesomesha watoto kwa vitunguu ni shujaa. Na katika hao wote hakuna aliyelipata jina hilo kwa upendeleo. Shida huanza pale mtafsiri anapokutana na mtu aliyechorwa akiruka juu ya ghorofa huku risasi zikimgonga kifuani na kudondoka. Hapo shujaa huonekana dogo, naye mtafsiri huanza kulirefusha: shujaa mkuu, shujaa wa ajabu, shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida. Vijana wa huku kwetu Karatu hawana subira na msafara wa maneno namna hiyo. Husema supahiro, wakaendelea na mambo yao.

Swali la tumwite nani mtu wa aina hiyo limenirudia nilipokuwa nasoma upya Mkasa wa Shujaa Liyongo, kitabu cha hadithi ya picha chenye jalada laini, kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Wachapishaji hao walianza katika miaka ya 1990 wakiwa na nia iliyo wazi: hadithi za picha zilizochorwa na wasanii wa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, zifungwe vitabu, zisiishie kwenye kurasa za gazeti ambazo kesho yake zinafungia maandazi. Mwaka 1996 walitoa Abunuwasi, kazi ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania ambaye michoro yake ilikuja kuwa sauti ya gazeti la Nation la Kenya. Rafuni kwangu vitabu hivi viwili vinakaa pamoja, na ndivyo ninavyopenda visomwe. Kimoja ni cha mwenye nguvu kupita wote, kingine ni cha mwenye hila kupita wote, na kicheko kimo katika visa vya wote wawili. Kwa miaka mingi nilidhani cha kuchekesha ni Abunuwasi na cha kuheshimiwa ni Liyongo. Usomaji wa sasa umenionyesha kwamba kicheko kikubwa zaidi ni cha Liyongo, na kwamba kicheko hicho ndicho kinachotuambia tumwite nani.

Liyongo hakubuniwa na wachora katuni. Kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, kuanzia Pate na Lamu hadi Kipini na Ozi, amesimuliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga mkasa wake kwa utenzi, na mwaka 1999 Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akauchapisha utenzi huo pamoja na nyingine mbili katika kitabu Tenzi Tatu za Kale. Humo ndimo kilimo kisa cha mkoba. Wagala waliofika Pate kununua chakula walisikia sifa za Liyongo kwa mfalme, wakataka kumwona kwa macho yao. Akaitwa. Alipofika alitua mkoba wake, akaanza kutoa vilivyomo kimoja kimoja: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu vya kupikia, na mafiga matatu ya kuvitelekea. Wageni wakaingiwa na hofu. Kisha, wakiwa watu wa busara, wakaomba aoe kwao ili wapate uzao wa mtu yule.

Natamani msomaji asimame kidogo kwenye orodha hiyo. Superman alipotokea kwa mara ya kwanza, Juni 1938, kwenye jalada la jarida la Action Comics, alikuwa ameinua gari juu ya kichwa chake na kulivunja. Liyongo amebeba jiko. Mtunzi wetu alipotaka kupima nguvu zisizopimika hakutafuta ukuta wa kubomoa wala mlima wa kung'oa, alikwenda uani, mahali ambapo kila msikilizaji wake, mwanamke kwa mwanamume, alijua uzito wa kinu na uzito wa jiwe la kusagia, kwa kuwa aliwahi kuvisogeza. Msikilizaji anacheka kwanza, kwa sababu mtu mwenye fahari kama ile amefika barazani kwa mfalme na vyombo vya mpishi. Halafu anaogopa, kwa sababu amekwisha kupiga hesabu ya ule uzito. Kicheko na hofu vinatoka katika mkoba mmoja.

Kisa cha kifungoni, mfalme alipomtia Liyongo gerezani, nacho kimejengwa hivyo hivyo. Mama yake Liyongo alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi wakawa wanakula kila kizuri, wanamwachia mfungwa makapi. Liyongo akatuma ujumbe kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wakala kilichonona, wakautupia macho ule mkate wa wishwa kwa dharau, wakampa mwenyewe. Uroho wao ndio uliomfungua minyororo. Alikata chuma wakati ngoma ya gungu ikilia na matoazi yakifunika sauti ya tupa, kisha akatoka. Na kabla ya hapo wale waliotaka kumuua walimwalika kwenye kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu awaangulie wenzake. Zamu yake ikifika wamchome mishale akiwa juu. Ilipofika, Liyongo hakupanda. Alivuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini, wenzake wakabaki wanatazamana.

Huko Marekani ilichukua miaka 15 baada ya Superman ndipo jarida la Mad, mwaka 1953, likatoa kichekesho cha kumdhihaki ambacho watu wanakikumbuka hadi leo. Kwanza alitukuzwa, baadaye akachekwa, na hivyo mtu mwenye nguvu za kuchekesha akawa tawi la pembeni, kitu cha kuelezwa kwa kumrejelea yule wa dhati. Kwetu hapakuwa na hatua mbili. Mwenye nguvu alikuja na kichekesho chake siku ile ile ya kwanza. Ndiyo maana najizuia kulichukua neno la Kiingereza pamoja na mzigo wake wote: linadai kwamba tuanze na mtu mwenye uso mkavu, halafu tutafute neno la pili la yule mcheshi. Lugha yetu inahitaji neno moja tu.

Neno la kwanza kujitokeza, kwa yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video, ni steringi. Ni neno zuri, na kuzaliwa kwake ni kuzuri zaidi: watazamaji waliona neno la Kiingereza likitangulia jina la mwigizaji mkuu mwanzoni mwa filamu, wakalichukua kama cheo chake. Vibanda vya video vililikuza. Dar es Salaam alikuwako Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, na mtindo huo ulisambaa mikoani hadi huku kwetu chini ya Ngorongoro. Kwa vijana wengi waliokaa kwenye mabenchi yale, kanuni ya kwanza ya sanaa ilikuwa steringi hafi.

Kanuni hiyo ndiyo inayomwondoa Liyongo kwenye usteringi. Niliwahi kumwazima kitabu changu dereva mmoja wa utalii, kijana wa Rhotia. Aliporudi kutoka safari alinirudishia na malalamiko.

“Shikamoo, mwalimu. Nimemaliza. Lakini huyu mtu wako anakufa!”

“Marahaba. Anakufa, ndiyo.”

“Sasa steringi gani huyo, mwalimu? Tena anauawa na mtoto wake, tena kwa sindano.”

Kijana alikuwa na haki. Steringi ni jina la nafasi ndani ya filamu, si jina la uwezo ndani ya mtu. Mwizi anaweza kuwa steringi, mwanamke mjane anaweza kuwa steringi, hata mbwa, na ukisema steringi hujasema lolote kuhusu mwili usioingia chuma. Neno hili lina kazi yake na linaifanya vizuri. Tuliache huko.

Jabari lina uzito unaofaa, lakini kwa Waislamu ni miongoni mwa sifa za Mwenyezi Mungu, na likivishwa binadamu hunuka udhalimu. Pandikizi la mtu linataja ukubwa wa mwili tu. Nguli na gwiji vimekwenda kwa wajuzi, nguli wa muziki wa dansi, gwiji wa soka, navyo havirudi. Mwamba, chuma cha pua, haya ni maneno ya sifa, yanang'aa kwa dakika moja kijiweni, lakini hayawezi kusimama kwenye jalada la kitabu na kubeba aina nzima ya hadithi.

Linabaki jagina. Kamusi zetu zinalijua na kulieleza kwa ufupi kuwa ni mtu shujaa, mtu jasiri. Huku Tanzania limelala. Sikumbuki nililisikia lini sokoni Karatu. Ukivuka Namanga hali ni nyingine. Katika masomo ya fasihi simulizi ya Kenya, mwanafunzi hufundishwa kwamba mighani ni hadithi za majagina, watu waliopata kusadikiwa kuwa waliishi, wenye nguvu au hekima kupita binadamu wa kawaida, na Liyongo hutajwa miongoni mwao. Sisi hadithi hizo hizo tunaziita visakale, visa vya kale, neno safi lililoundwa kwa uangalifu. Lakini visakale linataja hadithi, wala halimtaji mtu aliyemo. Tuna jina la nyumba na hatuna jina la mwenye nyumba. Wenzetu wanalo.

Tazama linavyojiendesha. Jagina huyu, majagina hawa, ujagina wake. Hadithi za majagina. Jagina mcheshi, ukitaka kusisitiza, ingawa nimeshasema kwamba kwetu usisitizo huo ni wa ziada. Lina silabi tatu, halidai kiambishi kigeni, mtoto wa darasa la pili analitamka bila kujikwaa, na halijapewa kazi nyingine inayoligombania. Na ni mali ya kila mtu. Hili la mwisho si dogo. Nchini Marekani neno la Kiingereza la mtu huyu lilisajiliwa kuwa alama ya biashara ya kampuni mbili kwa pamoja, DC na Marvel, na usajili huo ulifutwa mwaka 2024 tu. Kwa miongo kadhaa mchoraji mdogo aliyetaka kuliweka kwenye jina la kitabu chake ilimbidi awafikirie wanasheria wa wenye alama. Jagina halina mwenyewe wa kuombwa ruhusa.

Nikishalikubali neno hilo, mengine yanajipanga yenyewe, maana ghala la fasihi yetu simulizi limejaa istilahi za majagina ambazo hatujawahi kuzihamishia kwenye hadithi za picha. Jina la pili ambalo jagina hulitumia ili asijulikane, lile la barakoa, ni lakabu. Washairi wamekuwa nalo miaka yote. Na kama kuna mahali ambapo lakabu bado ni chombo cha kazi cha kila siku, ni kwenye redio za magari ya utalii yanayolala Karatu na kupita geti la Lodoare alfajiri. Madereva humwita simba masharubu. Chui ni madoadoa juu, kwa sababu utamkuta mtini. Duma ni madoadoa chini. Wageni wengi wamekwisha kujifunza neno simba kabla hawajashuka kwenye ndege, na dereva hataki kuwapa tamaa ya mnyama ambaye huenda akawa amekwisha kuondoka watakapofika. Hiyo ni lakabu kwa maana yake kamili, jina linalomficha mwenyewe mbele ya watu wanaomtafuta. Mwandishi wa hadithi ya picha anayetaka kumpa jagina wake jina la kazi aende akasikilize redio hizo kwa saa moja.

Yale maneno ambayo jagina huyatamka kabla ya kupigana, yale ambayo wasomaji huyajua kwa moyo, ni majigambo, na kama yametungwa kishairi ni kivugo. Neno la mwisho limetoka kwa Wahaya na jirani zao wa magharibi ya Ziwa Victoria, ambako shujaa alisimama mbele ya mtawala akajisifu kwa utungo alioutunga mwenyewe. Kwenye hadithi za kigeni maneno hayo ni sentensi moja fupi inayorudiwa. Mchoraji wa Kiswahili ana urithi mkubwa kuliko huo. Ampe jagina wake beti mbili.

Kuna pia lile eneo dogo la mwili ambalo adui akiligusa jagina huanguka. Magazeti yetu hupenda kuandika kisigino cha Achilles, na kila ninapoliona hilo nasikitika. Liyongo alikuwa na kitovu. Hakuna chuma kilichomwingia, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeijua siri hiyo alikuwa mwanawe, aliyehongwa kwa ahadi ya kuoa binti wa mfalme. Kisigino ni mahali pa bahati mbaya, mahali ambapo mama alimshikia mtoto na maji hayakupagusa. Kitovu hakina bahati. Kitovu ndipo mtu alipofungwa kwa mama yake, na katika usemi wetu kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa. Hadithi inasema kwamba mwenye nguvu kupita wote anaweza kuuawa mahali pamoja tu, pale alipounganishwa na watu wake, tena na mtu mmoja tu, wa damu yake. Sijui hadithi ya majagina, ya nchi yoyote, iliyolichagua eneo la udhaifu kwa fikra nzito kuliko hiyo. Basi tuseme kitovu. Kitovu cha jagina, kitovu cha mpango, kitovu cha timu. Mchambuzi wa soka aseme beki wa kushoto ndiye kitovu cha Liyongo cha timu hii, na wasikilizaji wasiokijua kisa wakakiulize.

Hata kifo chake kina kichekesho chenye kuuma. Liyongo aliyechomwa alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale upindeni, akafa katika mkao ule ule. Mji mzima ukakosa maji. Watu walimwona kwa mbali, wakadhani yu hai na amekasirika, hakuna aliyethubutu kusogea. Mama yake mwenyewe akaletwa ambembeleze. Maiti ilizuia jeshi. Mchoraji hahitaji neno hata moja kwenye fremu hiyo.

Tena fremu ndicho kitu ambacho hadithi ya picha inacho na utenzi hauna, pamoja na sauti zilizoandikwa kubwa katikati ya picha. Wakenya huziita tanakali za sauti; vitabu vyetu vingi husema onomatopea, neno la Kigiriki lililopitia Uingereza. Natumia tanakali. Hapa ndipo watafsiri wa hadithi za picha wanapotuangusha zaidi, kwa sababu huacha mlio wa kigeni ukilia ndani ya kitabu cha Kiswahili, wakati Kiswahili kina mlio wa kila kitu. Mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, mfupa huvunjika kacha, aliyechoka hulala fofofo, debe hujaa pomoni. Tunazo tanakali hata za mambo yasiyotoa sauti: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Ni lugha gani nyingine inayompa mchoraji mlio wa rangi?

Na sisi wa huku tunaishi ndani ya tanakali. Wamaasai husimulia kwamba jina Ngorongoro ni mlio wa kengele ya ng'ombe, ngoro-ngoro, unaosikika mifugo inapotembea. Eneo lote la hifadhi lililotangazwa mwaka 1959, zaidi ya kilometa za mraba 8,000, limebeba jina la sauti inayofaa kuandikwa kwa herufi kubwa katika fremu ya katuni. Mtoto wa Karatu anayejua hilo hawezi kuziona tanakali kuwa mambo ya kitoto.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu ni pingamizi la haki: neno zuri kamusini si neno mdomoni. Mfano uko juu ya mlima huu huu. Shimo kubwa la Ngorongoro, lenye sakafu ya kilometa za mraba zipatazo 260 na kina cha mita zipatazo 600, kwa istilahi ya vitabu ni kasoko. Wataalamu wa miamba watasema ni kaldera, kwa sababu ni mlima ulioporomoka ndani yake. Lakini hapa hakuna anayesema kasoko. Askari wa hifadhi, dereva, mpishi wa kambi, mfugaji wa Kimaasai, wote husema kreta. Tunashuka kreta, barabara ya kreta, maji yamejaa kreta. Kasoko lilichelewa kufika. Kreta lilikuja na watu waliokuwa na kazi ya kufanya, likakaa. Sina kinyongo nalo.

Kwa jagina hali si hiyo, na ndiyo sababu ninaandika sasa badala ya kungoja. Supahiro bado halijakaa. Liko midomoni mwa vijana wa mjini wanaotazama filamu kwenye simu, halimo katika vitabu vya shule, halimo kwa wazee. Karatu ni mahali pazuri pa kulipima neno, kwa kuwa wilayani humu na kandokando yake hukutana Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kimaasai na Kidatooga ambavyo ni vya Kiniloti, Kihadza chenye vidoko vyake vya ulimi ambacho wanaisimu wameshindwa kukiweka kwenye ukoo wowote, na lugha za Kibantu za waliohamia. Wanaokutana hapa hupatana kwa Kiswahili. Kila mmoja amekuja na hadithi ya mtu wa kwao aliyekuwa na nguvu kupita kiasi. Mtoto wa Kihadza kutoka Eyasi hapaswi kupitia Kiingereza ili amsimulie jirani yake wa Kiiraqw habari za mtu huyo.

Historia ya katuni zetu inanipa moyo, kwa sababu wahusika wake waliingia katika lugha bila kusindikizwa na baraza lolote. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi magazetini Kenya, na jina lenyewe ni dhihaka mbili, juha kwa mpumbavu na kalulu kwa sungura, yule ambaye ngano zetu zimemzoea akiwa mjanja. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na nimewasikia wazee wakiita kila katuni ya gazetini chakubanga. Kisha likaja jarida la Sani na watu wake: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, Pimbi. Sitaki kupita haraka kwenye majina hayo. Ndumilakuwili ni nyoka wa kuuma pande mbili, jina la mnafiki. Lofa ni asiye na kazi, naye amepewa ulodi. Pimbi wetu wa kweli tunamwona kila siku akiota jua juu ya mawe ya hifadhi, mnyama mdogo mwenye uso wa mtu aliyetukanwa. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye joho wala nguvu za angani, lakini waliitwa kwa njia ile ile anayoitwa jagina, kwa lakabu inayosema yote. Wasomaji waliyachukua majina hayo wakawapa majirani zao.

Maneno ya kitabu chenyewe nayapitia upesi. Katuni ni mchoro. Kibonzo kimezoeleka zaidi kwa picha zinazotembea kwenye televisheni, na kiachwe huko. Kikaragosi kina nasaba ya kupendeza, maana wanaisimu hulihusisha na Karagöz, mchekeshaji wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na kingefaa kitengwe kwa mchoro wa kumkuza mtu pua au tumbo. Toleo lina mizigo miwili, ya namba ya jarida na ya chapa mpya ya kitabu. Jarida tulipe namba, toleo tuliachie kitabu, na mkusanyo ukiwa mkubwa ugawanywe kwa juzuu. Jalada limetoka kwenye Kiarabu cha ngozi, kwa kuwa vitabu vilijalidiwa kwa ngozi. Jagina ambaye ngozi yake haikuingia chuma analala ndani ya ngozi laini kuliko zote, na nakala yangu imekwisha kuchanika uti wa mgongo.

Hiyo ndiyo hasara ninayoiona kubwa. Vitabu vya Sasa Sema havionekani kwa urahisi katika maduka ya upande wetu, na istilahi haiwezi kuishi pasipo kitabu kinachoitumia. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi watoe hadithi za majagina kwa jalada laini, kwa bei ambayo mwanafunzi wa Karatu anaweza kuimudu, na waandike neno hilo juu ya jalada kwa herufi kubwa. BAKITA, ambayo tangu 1967 imepewa kazi ya kusimamia msamiati wetu, iliweke jagina katika orodha zake pamoja na lakabu, kivugo, tanakali na kitovu, kwa maana nilizozieleza. Walimu wa fasihi wawape wanafunzi fremu nne na penseli, wawaambie wachore mkoba wa Liyongo.

Na wewe unayetafsiri hadithi ya picha hivi sasa, andika jagina, wala usiweke maelezo chini ya ukurasa. Msomaji ataelewa kutokana na picha.